Harusi ya Miguu Peku

Jumatano, 5 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U mzima? Mgongo je, bado unakusumbua kwa kusimama kutwa kusuka vichwa vya watu? Sisi Mungu anatulinda, tunaamka, tunakula, tunasali, tunalala. Shemeji yako yuko kwenye meza yake hapo mbele, anagonga soli ya mteja, namsikia ninavyoandika. Ndiyo maana sikupigii simu. Kuta za nyumba hii unazijua, mtu akipiga chafya chumbani, wa barazani anamwombea afya. Maneno yangu ya leo si ya kusikika barazani.

Kadi ya harusi ya mwanetu Chiriku imefika. Nzuri, nisiseme uongo. Karatasi rangi ya mchanga, na juu yake limebandikwa kombe dogo la konokono wa baharini, la kweli, nimeligusa. Kadi ameibuni mwenyewe pale kwenye duka la uchapaji anapofanya kazi. Basi nikaanza kumsomea baba yake, maana macho yake siku hizi hayawezi maandishi, yanaweza tundu la sindano tu kwa sababu vidole vinasaidia. Barua na kadi zote msomaji ni mimi. Nikasoma kwamba ndoa itafungwa ufukweni, nyuma ya hoteli anayofanya kazi bwana harusi, Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Wageni wavae nyeupe na buluu. Kutakuwa na nyavu na taa za kioo juu ya miti. Mzee anatabasamu tu. Nikafika mstari wa mwisho: "Sote tutavua viatu na kuingia mchangani miguu peku, maharusi na wazazi wao wakitangulia."

 Nikauruka mstari huo, nikasema, "Na Mungu awabariki." Nikakunja kadi.

Akaniambia, "Hiyo kadi ina mistari mingi kuliko uliyosoma."

Nikasoma na huo. Akarudi kwenye kazi yake, na chakula cha mchana hakukigusa.

Mdogo wangu, nje ya nyumba hii wewe peke yako ndiye unayejua. Shemeji yako alipokatwa mguu chini ya goti kwa kile kidonda cha sukari, mtoto alikuwa kwenye mitihani yake ya mwisho, na baba mtu akaniapisha nisimwambie. Akasema akipona atamwambia mwenyewe. Akapona. Mtoto akapata kazi huko kwako, baba akasema atamwambia mtoto akishazoea kazi. Mtoto akaja likizo, akamkuta baba yake kaketi mezani kwake na suruali ndefu na viatu vinavyong'aa. Viatu vyenyewe alijitengenezea. Kile cha mguu wa bandia kakijaza ngozi laini ndani, akitembea husikii mlio tofauti. Chiriku akauliza, Baba mbona unachechemea? Akajibu ni goti, uzee huo. Goti likawa goti mpaka leo.

Mimi nimemwambia mara nyingi aseme. Anasema subiri aolewe kwanza. Anaogopa wakwe wakijua sukari iko kwenye ukoo watarudi nyuma. Hilo ndilo analolisema. Lakini mimi nalala naye, najua kuna jingine. Hataki mtoto amwone mdogo.

Sasa nakuomba, wewe ndiye unayeishi naye na kupanga naye hiyo harusi. Tafuta namna. Ihamishieni ukumbini, popote penye sakafu na viatu. Nimeshasema mbele ya Mungu kwamba baba huyu ni lazima amsindikize mwanawe, na njia siioni. Usimwambie mtoto sababu. Uliniahidi.

Dada yako


Jumapili, 16 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nina kichwa cha mteja mapajani, nikaisoma juu ya utosi wake. Akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamjibu hapana, kuna harusi.

Nimejaribu, Dada. Nilianza na upepo. Nikamwambia Chiriku mimi ndiye nitakayemsuka, na upepo wa bahari hauna adabu, atasimama mbele ya mchungaji kama ametoka kugombana na mtu. Akasema nimsuke zile za kubana, upepo utachoka wenyewe. Nikahamia kwenye chakula, mchanga ndani ya sahani. Akasema meza zitakuwa juu, kwenye baraza ya hoteli, chini ni ndoa tu. Nikaleta mvua. Hapo akaingilia bwana harusi, yule fundi umeme wetu mpole, akasema tajiri wake amewapa na hema. Kijana huyo ni mtu mzuri, Dada, ndiyo tabu yake. Angekuwa na kasoro ningepata pa kumshikia.

Nikaishiwa. Na mimi nikiishiwa unanijua, mdomo unatangulia kichwa. Nikamwambia, "Wewe baba yako ni fundi viatu. Kakulisha kwa viatu, kakusomesha kwa viatu. Leo unawaambia watu wavue viatu ndipo wakutazame unaolewa. Huoni kama unamtukana?"

  Alikuwa anafunga utepe wa buluu kwenye vichupa vya mchanga vya kuwagawia wageni, akakiweka chini kile alichokishika. Akaniuliza kama ni baba yake aliyesema hivyo. Nikamjibu kuna mambo mzazi hayasemi.

Basi nadhani nimeshinda. Tangu jana hajataja habari ya peku. Nategemea wiki hii ataniambia twende tukatazame ukumbi. Lakini nikuulize swali moja, na usinikasirikie. Kwa nini tusimwambie tu? Mtoto huyu si wa kuzimia. Kila siku ananihadithia mambo ya baba yake mpaka wateja wangu wanamjua Shemeji kama jirani.

Mdogo wako, Msusi


Jumapili, 23 Februari

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na goti la Baba limepoa. Mimi ni mzima wa mwili.

Mama, naomba umsomee Baba barua hii yote. Usiifupishe. Najua huwa unafupisha.

Baba, Mama Mdogo ameniambia kwamba umeumia kwa sababu ya ile kadi. Sijalala vizuri tangu hapo. Nimeisoma tena na tena kama mtu mwingine ndiye aliyeichapa, na sasa naona jinsi inavyoweza kusomeka. Binti wa fundi viatu amepata wakwe wa hotelini, anawaambia watu viatu vikae pembeni. Wallahi sikuwaza hivyo. Niliwaza ufukwe tu. Siku ya kwanza kutembea na huyu ninayeolewa naye tulikuwa tumeshika viatu mkononi, mimi nimeshika vile vyekundu ulivyonishonea, nikamwambia hivi haviguswi na maji ya chumvi, baba yangu atanifuata huku huku. Alicheka sana. Hapo ndipo nilipompenda. Peku ilitoka hapo, haikutoka kwenye dharau.

Sijawahi kuionea aibu kazi yako. Kazini hapa kila mtu anajua baba yangu ni nani, wakichoka na mimi wanasema leo ameshatutajia baba yake.

Kadi zimeshatawanyika, siwezi kuzirudisha. Ila ninachokitaka kwenye harusi hii yote ni kimoja. Kutoka ngazi za hoteli mpaka pale mchungaji atakaposimama kando ya maji, nataka tutembee wewe na mimi, mkono wangu ndani ya wako. Nyavu zikianguka zianguke, taa zisiwake, mimi sitajali. Nilipokosea nikemee, Baba. Ila usininyamazie.

Mwanenu, Chiriku


Jumanne, 4 Machi

Mwanangu,

Salamu. Sisi ni wazima.

Barua yako imefika na Baba yako nimemsomea yote. Hajakasirika, na habari ya viatu usiiweke moyoni. Ila daktari amemkataza safari ndefu, ana presha. Hataweza kuja. Nitakuja mimi na baba yako mkubwa. Usimpigie simu kwa sasa, anatakiwa kupumzika.

Anakuombea. Endelea na maandalizi yako.

Mama yako


Jumatano, 19 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani.

Barua yako kwa mtoto ilifikia hapa saluni. Aliisoma amesimama mlangoni, wateja wangu wote wanamwangalia. Akaikunja, akaiweka mfukoni, akaniambia twende dukani tukachague vitambaa vya buluu, duka lisije likafungwa. Tukaenda. Akachagua. Akabishana na muuzaji kama kawaida yake, nami nikasema moyoni Mungu mkubwa, amelipokea vizuri.

Tulipokuwa tunarudi ndipo akaniambia ameshamwomba mjomba wa bwana harusi amsindikize. Yule mwenye bucha, mtu wa sauti kubwa. Dada, mtoto amemwona mtu huyo mara chache mno, na siku moja mjomba huyo alimwita mtoto wetu kwa jina la bibi harusi mwingine. Nikamwambia, baba yako anaumwa, subiri kwanza. Akanijibu maneno ambayo nakuandikia kama alivyoyasema, maana siwezi kuyapunguza:

"Mama Mdogo, Baba angekuwa na presha kweli, Mama angeniandikia dawa anazokunywa, na nani kanisani anamwombea, na yule jirani aliyepona kwa kitunguu saumu. Kurasa nne. Mama akiandika kifupi kuna kitu anakificha. Baba hanitaki kwenye macho yake, na Mama anaona haya kuniambia."

Akasema pia akishaolewa hatakuja nyumbani kwa muda. Hataki kumlazimisha baba yake amtazame. Akaniuliza mara mbili kwani alimkosea nini zaidi ya kadi. Mimi nilikuwa nimebeba mfuko wa vitambaa, nikaubadilisha mkono, nikasema sijui.

Mimi ndiye niliyempa hilo wazo la viatu. Mdomo huu. Nilidhani namsaidia Shemeji, kumbe nimemchukua baba wa mtu nikamgeuza adui. Kila nikimshika kichwa mtoto huyu kumchana najiona mnafiki. Bwana harusi naye anatembea pembeni pembeni, amedhani kuna ugomvi wa nyumbani kwa ajili yake, juzi ameniuliza kama tunamwona hafai.

Siapishwi mara mbili. Nilikuahidi, na sitasema bila ruhusa yenu. Lakini msomee Shemeji barua hii. Msomee yote, na usiruke.

Mdogo wako


Ijumaa, 28 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. U mzima? Unakula? Mama yako mdogo anasema unachagua vitambaa na kubishana na wauzaji, lakini sikumsikia akisema unakula. Mimi ni mzima, nina mafua kidogo, nanywa tangawizi.

Kabla hujaendelea, kaa chini. Na Mama yako mdogo akae karibu, kama ana kichwa cha mtu akiache kwanza.

Barua yako ya mwezi uliopita sikumsomea baba yako. Nilikuandikia kwamba nimemsomea yote, na si kweli. Nilimsomea salamu na habari ya goti, nikaificha chini ya godoro. Habari ya presha pia haikutoka kwa daktari, niliitoa kichwani mwangu. Nilimwambia baba yako nitakuandikia hivyo, naye akatikisa kichwa kukubali bila kuniangalia. Nimeshamweleza Mungu jambo hili, lakini Mungu siye niliyemwandikia uongo. Nilikuandikia wewe.

Jana barua ya Mama yako mdogo ilifika. Baba yako alikuwa anaweka kisigino kwenye kiatu cha mwalimu mmoja. Nikavuta kigoda, nikaisoma kutoka juu mpaka chini. Nilipofika kwa yule mjomba mwenye bucha, akasimamisha mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. "Na hapo pa kutokuja nyumbani." Nikarudia na hapo. Akauliza mambo ya viatu yametoka wapi, mbona yeye hayajui. Ndipo nikaenda chini ya godoro nikaleta barua yako, nikamsomea na hiyo, yote, na vile viatu vyekundu vya ufukweni.

Akasema, "Anadhani nimechukia kwa ajili ya viatu?"

Akacheka. Kile kicheko hakikuisha kama vicheko vinavyoisha, kiliishia kwenye machozi. Mwanangu, mimi nilikuwa naye hospitali, nilikuwa naye kwenye mambo mengine makubwa kuliko hayo, na sijawahi kumwona baba yako katika hali ile. Mwenye kiatu chake alikuja kukichukua, nikamwambia fundi hayupo, naye anamwona amekaa pale pale.

Kisha akaniambia niandike, na nisibadilishe neno. Maneno yake ni haya:

"Mwambie baba yake hana mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti. Ulikatwa yeye alipokuwa kwenye mitihani. Ni kidonda cha sukari. Si goti, wala uzee. Mwambie mimi ndiye niliyemfunga mama yake mdomo, na mama yake mdogo pia, asiwakasirikie. Na huyo kijana na watu wake waambiwe sasa, kabla ya harusi, kwamba sukari iko kwetu. Wakirudi nyuma..."

Hapo hakumaliza.  Akaendelea na mengine:

"Mwambie nitakuja. Viatu nitavua kama kadi ilivyosema, na soksi nitavua. Watakachokiona wakione. Natembea polepole, na mchangani nitazama. Akiona ni vigumu kutembea na mimi mbele ya watu, aendelee na huyo mjomba. Mimi nitakaa na wageni, sitaona vibaya. Ila asiseme tena kwamba simtaki machoni pangu."

Hayo ndiyo yake. Sasa yangu.

Leo asubuhi ameamka kabla yangu. Jirani yetu anajenga, ana lundo la mchanga mbele ya ukuta. Nimemkuta baba yako huko, amekunja suruali mpaka magotini, mguu wa bandia uko wazi, mara ya kwanza nje ya mlango wetu tangu aanze kuutumia. Mafundi wamesimama na karai zao wanamtazama. Alipanda hatua chache, ule mguu ukazama, akaanguka ubavu. Wale vijana wakakimbia kumwinua, akawakatalia. Alikaa pale chini kwenye mchanga muda, anajipangusa, kama mtu aliyekaa kwa hiari yake. Kisha akaninyooshea mkono, nikampa bega, akasimama. Akajaribu tena akiwa amenishika. Hapo tulifika mpaka upande wa pili.

Ameniambia hili nisikuandikie. Lakini mimi nimechoka kutokuandikia.

Sikufichi, naogopa. Sijui wakwe zako watasema nini. Sijui kama wewe mwenyewe utanisamehe, maana umeteseka kwa jambo ambalo mstari mmoja wangu ungelimaliza. Kama una hasira, ziandike, nitazisoma zote na baba yako nitamsomea. Kama hutaki atembee nawe, sema, yeye amesema ataelewa, ingawa mimi sidhani. Na kama unamtaka, basi ujue bega lako ndilo litakalombeba kwa sehemu, na mtakwenda polepole mbele ya watu wote, na huenda mkaanguka. Ujibu ukiwa umeliona hilo.

Barua hii nampa dereva wa basi la kesho asubuhi. Amesema kesho kutwa anageuza, na mtu akimpa jibu pale stendi atalileta. Baba yako hajaniuliza nimeandika nini, lakini ameshauliza mara mbili basi hilo linarudi lini. Tujibu upesi, mwanangu.

Mama yako